Maswali ya wasomaji: Farasi mweupe wa kwenye bajaji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa bajaji hapa Tanga mjini, mara nyingi nakula vichwa vya Kange kwenda Ngamiani. Kioo cha nyuma nimebandika stika ya farasi mweupe anakimbia na chini nikaandikisha Ufunuo 6:2, kwa sababu ule mstari unaongelea kushinda na mimi maisha napambana. Sasa juzi nimempakia mama mmoja stendi, tumefika barabara ya nane anashuka akaiangalia ile stika akaniambia kijana huyo unayetembea naye mgongoni ni mpinga Kristo. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Ni kweli? Niibandue?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kukosa usingizi. Naomba tusianze na hiyo stika, tuanze na farasi mwenyewe, maana sisi watu wa huku farasi hatujamzoea kabisa, mbung'o wa bara alikuwa anawaua ndo maana hata mizigo ya misafara ilibebwa vichwani na wapagazi. Kwahiyo farasi tunamjua kwa picha, mnyama mzuri, nywele zinapepea, basi. Muisraeli wa zamani yeye akisikia neno farasi alisikia kifaru cha jeshi. Shamba alilima kwa ng'ombe, safari alienda na punda, farasi alikuwa wa vita na wa wakubwa, na mara nyingi alikuwa wa adui. Farao alikuja nao mpaka kwenye bahari. Sisera, jemadari wa jeshi la Kanaani, alikuwa na magari ya chuma 900 ya kuvutwa na farasi, soma Waamuzi 4. Ndo uelewe kwa nini Miriamu akaimba farasi na mpandaji wake wametupwa baharini, na ule wimbo wa Kutoka 15 Wayahudi wanausoma kwenye sala za asubuhi mpaka leo.

Sasa angalia Kumbukumbu la Torati 17:16, mfalme wa Israeli anakatazwa kujiongezea farasi, na asiwarudishe watu Misri kwa ajili ya kutafuta farasi. Halafu fungua 1 Wafalme 10 uone Sulemani amefanya nini, magari 1,400, wapanda farasi 12,000, na farasi wanatoka wapi? Misri, mmoja kwa shekeli 150 za fedha. Mwandishi hagombi wala hasemi neno, anaweka bei tu, na mimi kila nikifika hapo naumia, maana ile sheria ilivunjwa na mtu mwenye hekima kuliko wote. Isaya baadae akalia kwamba farasi wa Misri ni nyama wala si roho, na Zaburi 20 inasema wengine wanataja magari na wengine farasi ila sisi tutalitaja jina la Bwana. Mnyama mwenyewe hana kosa jamani, Ayubu 39 Mungu anamsifia kwa namna ambayo sijaona wanyama wengi wanasifiwa, shingo yake, mlio wa pua zake, anavyoparapara ardhi akisikia tarumbeta. Kinachopigwa vita ni watu kumfanya yeye ndo tegemeo.

Na ndo maana Zekaria 9 mfalme anayekuja na amani amepanda punda, na mstari unaofuata Mungu anasema atawaondoa farasi Yerusalemu. Yesu alivyoingia mjini na mwanapunda alikuwa anatimiza maneno hayo, ingawa Yohana 12 inasema hata wanafunzi wake hawakuelewa mwanzoni. Kwenye Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, kuna kisa nakipenda sana, mfalme Shapur wa Uajemi anamwambia mwalimu wao Shmuel, nyie mnasema Masihi wenu atakuja na punda, mimi nitampelekea farasi wangu mzuri. Shmuel akamuuliza, kwani unaye wa rangi mia? Yani farasi wako hamfikii punda huyo.

Tuje kwenye rangi sasa, ndo penye swali lako. Watu wengi wanasoma Ufunuo 6 kwa kukariri rangi, mweupe ni hivi mweusi ni vile. Lakini Yohana rangi hizi anafuata njia ya Zekaria, sura ya 1 na ya 6, na kule Zekaria hakuna popote wanapoeleza rangi ina maana gani, farasi wale wanatumwa kuzunguka dunia basi. Kwa Yohana maana inatoka kwa aliyepanda na alichoshika mkononi. Wa mwekundu ana upanga, anaondoa amani. Wa mweusi ana mizani, na hapa Biblia yetu ya Union inasema kibaba cha ngano kwa nusu rupia, yani wafasiri walitumia kibaba chetu, robo ya pishi, na rupia ambayo wazee wetu waliitumia huku pwani enzi za Mjerumani. Kwenye Kigiriki ile pesa ni dinari, hiyo hiyo ambayo vibarua wa shamba la mizabibu wa Mathayo 20 walilipwa kwa kutwa. Sasa wewe piga hesabu, umeendesha kutwa nzima toka alfajiri, hesabu yote ya siku inanunua kibaba kimoja cha unga, na nyumbani kuna mke na watoto wanne. Huyo ndo farasi mweusi, huhitaji mtu akufafanulie. Wa nne tunaambiwa ni kijivujivu lakini neno la Kigiriki ni lile lile wanalotumia kwa majani mabichi, ni ile rangi ya mtu aliyeishiwa damu, na aliyempanda anaitwa Mauti.

Wa kwanza, wa kwako, ana upinde, anapewa taji, hana jina. Wapo waliosema ni Kristo, askofu Irenaeo wa karne ya 2 alisema hivo, kwahiyo wewe sio mpotevu. Wengine wanasema ni mpinga Kristo kama yule mama. Mimi naona ni uvamizi, jeshi linaloenda kuteka nchi za watu, kwa sababu yuko kwenye foleni moja na vita, njaa na mauti, na kwa sababu wapiga upinde wa juu ya farasi ni Waparthi, watawala wa Uajemi wa wakati ule, ambao Warumi waliwaogopa sana. Kristo amepanda farasi mweupe sura ya 19:11, na pale huna shaka, ana jina, Mwaminifu na wa Kweli, kichwani ana vilemba vingi, na upanga wake hauko mkononi, unatoka kinywani.

Kwahiyo stika usiibandue. Nenda kwa fundi abadilishe namba iwe 19:11, na yule mama ukimpakia tena mwonyeshe.

SWALI: Mwalimu, nafundisha watoto wa Sunday school Muheza. Nimewaambia Sauli alianguka kutoka kwenye farasi njiani Dameski, mtoto mmoja akasema kwenye Biblia farasi hayupo.

JIBU: Mtoto yuko sahihi, mpongeze mbele ya wenzake. Matendo 9, 22 na 26 zote zinasema alianguka chini, farasi ameletwa na wachoraji wa Ulaya. Ila ukitaka Paulo, ndo huyo huyo Sauli, akiwa juu ya mnyama nenda Matendo 23, anatolewa Yerusalemu kwa siri saa tatu ya usiku, na saa zao ni kama zetu tu, zinahesabiwa toka jua linapozama, ametafutiwa mnyama wa kupanda, na wapanda farasi 70 wanamsindikiza mpaka Kaisaria, na yeye ni mfungwa.