Prius yangu nifunge matairi ya mtumba?

SWALI: Nina Prius ya 2012, ile gari inayotumia petroli na betri, matairi yamebaki vipara, fundi ananambia nichukue ya mtumba eti bei poa. Nifanyeje?
Msomaji, Tabata

JIBU: Ndugu yangu, mtumba achana nao. Soma ubavuni mwa tairi, tarakimu 4 za mwisho za ile namba inayoanza na herufi DOT, ukikuta 2316 ujue lilitoka kiwandani wiki ya 23 mwaka 2016, hata kama meno bado yapo mpira ushakomaa huo, kwenye mvua utateleza. Nunua mapya, saizi ileile ya kwenye stika ya mlangoni, na uulizie yanayobingirika kirahisi, maana ukifunga yale ya kashata kubwa, yaani meno makubwa, mafuta yatapanda bure halafu utasingizia betri. Upepo wa matairi pima asubuhi kabla gari halijatembea.