Nyonga ya bandia: kauri, chuma au plastiki?

Swali: Daktari, nina miaka 47. Kichwa cha mfupa wa paja langu la kulia kimekufa kwa kukosa damu, na nimeandikiwa kubadilishiwa nyonga. Daktari wangu anapendekeza kichwa cha kauri cha milimita 32 kitakachozunguka ndani ya kikombe chenye bitana ya plastiki. Mimi ni fundi mitambo, na nijuavyo plastiki ndiyo huisha kwanza. Kwa nini nisiwekewe chuma kwa chuma, au kauri kwa kauri, nikamalizana nayo?

Jibu: Ndugu yangu, kifundi uko sahihi: plastiki ndiyo huisha kwanza. Ila mtambo ukitoa unga, wewe unamwaga oili chafu na kuweka mpya. Kwenye nyonga hakuna pa kumwaga. Chembe za polietilini, yaani hiyo plastiki ya bitana, nyingi zikiwa ndogo kuliko maikromita moja, humezwa na seli za kinga ambazo haziwezi kuziyeyusha. Seli hizo hutoa kemikali za uchochezi, nazo kemikali huamsha seli zinazokula mfupa. Mfupa ulioshika kikombe au shina (kijiti cha chuma kinachoingizwa ndani ya mfupa wa paja) huliwa taratibu, kiungo hulegea, na mgonjwa hurudi chumba cha upasuaji. Mara nyingi hasikii maumivu hadi mfupa mwingi umeshakwenda. Ndiyo maana tunampiga eksirei hata asiyelalamika.

Kwa hiyo anayechagua hutazama jozi nzima: inatoa unga kiasi gani, wa aina gani, na mwili unaupokeaje. Ugumu wa kipande kimoja kimoja haukuambii hayo.

Daktari wa upasuaji John Charnley wa Uingereza alijifunza hilo kwa njia ngumu. Alianza na Teflon, plastiki nyingine, ikaliwa ndani ya miaka michache na unga wake ukaharibu tishu. Mwaka 1962 akahamia polietilini yenye molekuli ndefu sana, akaioanisha na kichwa cha chuma cha pua chenye kipenyo cha milimita 22.225 tu. Udogo huo ulikuwa wa makusudi. Piga hesabu mwenyewe: kichwa hicho kikizama milimita 0.1 ndani ya plastiki, kinasaga takriban milimita za ujazo 39. Cha milimita 32 kikizama vilevile, kinasaga 80. Na polietilini ya zamani ilikuwa ikiliwa kwa kasi ya kama milimita 0.1 kwa mwaka, kasi ambayo mifupa mingi ilianza kuonyesha madhara. Chini ya milimita 0.05 kwa mwaka, kuliwa kwa mfupa huwa nadra.

Nadhani plastiki unayoiogopa ni hiyo ya zamani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 tunatumia polietilini iliyopigwa mionzi ya kilogrei 50 hadi 100, ili minyororo ya molekuli zake ifungamane. Kuliwa kwake kumeshuka sana, na kwa wagonjwa waliofuatiliwa muda mrefu kwa kawaida hubaki chini ya hiyo 0.05. Haikuja bure. Mionzi huacha radikali huru, yaani molekuli zilizokatika zinazotafuta cha kushika, na hizo zikikutana na oksijeni plastiki huwa kavu na hukatika. Watengenezaji wengine huiyeyusha upya kuziondoa, wengine huipasha joto bila kuiyeyusha, wengine huichanganya na vitamini E. Kuyeyusha hupunguza ukakamavu, kwa hiyo ukingo mwembamba unaweza kupasuka, hasa kikombe kikiwekwa wima mno. Hapo ndipo milimita 32 au 36 zinapoingia: kichwa kikubwa hakiteguki kwa urahisi, lakini kila milimita ya kipenyo unayokiongezea hupunguza nusu milimita ya unene wa plastiki.

Chuma kwa chuma, hapana. Kwa ujazo husagika kidogo kweli, na kwenye mashine za majaribio kilipendeza. Lakini chembe zake ni ndogo mno na nyingi mno, na huachia ayoni za kobalti na kromi ambazo kwa baadhi ya wagonjwa huua misuli na kuotesha uvimbe kando ya kiungo. Mwaka 2010 aina moja iliyotumika sana, ASR, ilirudishwa kiwandani duniani kote, na wadhibiti wa Uingereza wakaweka maikrogramu 7 kwa lita ya damu kuwa kiwango cha kuanza kumchunguza mgonjwa zaidi. Bado wapo wachache wanaofunikwa kichwa cha paja kwa chuma badala ya kukatwa, kwa kawaida wanaume vijana wenye mifupa mikubwa na mizima. Wewe ambaye kichwa chako kimekufa humo humo ndani, sikupendekezei.

Kauri kwa kauri ni hoja nzito zaidi. Mfaransa Pierre Boutin aliianza mwaka 1970, na hakuna jozi inayosagika kidogo kuliko hiyo. Kauri ya siku hizi, alumina iliyokazwa kwa zirkonia, huvunjika kwa nadra sana. Yenyewe ina visirani viwili. Kikombe kikikaa vibaya, kichwa hubeba uzito ukingoni na nyonga hulia kila unapoinama. Kuna waliorudi kufanyiwa upasuaji kwa sababu ya sauti tu. Na ikivunjika, vipande hujichimbia kwenye nyama na haviishi kuokotwa. Kichwa cha chuma kikiwekwa baada ya hapo husagwa na mabaki hayo vibaya sana. Lazima irudishwe kauri.

Kuvunjika kwenyewe mara nyingi huanzia kwenye meza ya upasuaji. Kichwa cha kauri huvikwa kwenye shingo ya shina yenye umbo la koni. Koni ile inatakiwa ifutwe na kukaushwa, kichwa kivikwe kwa mkono kwa kukizungusha kidogo, kisha kigongwe kwa kifaa chenye ncha ya plastiki, sawasawa na mhimili. Tone la damu au punje ya mfupa ikibaki hapo, mkazo hukusanyika sehemu moja. Na uliza jambo ambalo fundi atalielewa haraka: je, kichwa na shina ni vya mtengenezaji mmoja? Koni nyingi huandikwa 12/14, yaani vipenyo vyake kwa milimita, lakini pembe na umaliziaji wa uso hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda.

Kwa nini basi kichwa cha kauri kwenye plastiki, wakati cha kobalti na kromi kingetosha? Kauri haikwaruziki kirahisi, na haileti kutu ya kobalti pale koni inapochezacheza kidogo. Kwa mtu wa miaka 80 nisingesumbuka na tofauti hiyo. Kwa wa 47, ningechagua alichochagua daktari wako.

Muulize kama bitana ni ile iliyofungamanishwa kwa mionzi, na itakuwa na unene gani ndani ya ganda la kikombe litakalokutosha. Muulize pia amefanya upasuaji huu mara ngapi, maana wanaorudi miaka ya mwanzo wengi huletwa na kuteguka, maambukizi au kulegea, na kwa mapema hivyo plastiki haihusiki nayo sana. Baada ya upasuaji omba nakala ya stika za vifaa zilizobandikwa kwenye faili lako, zenye jina la mtengenezaji, ukubwa na namba ya toleo. Atakayekufungua miaka 20 ijayo atazihitaji kabla hajashika kisu.