Nilivyorudisha vitu vya nyumba kutoka Leicester mpaka Tanga

Salaam wadau. Kaka, umeuliza mambo matatu. Umekaa Uingereza miaka tisa, mwezi wa tisa unarudi Dar moja kwa moja na mke na mtoto, na una nyumba ya vyumba viwili iliyojaa vitu. Uchukue kontena zima au uchangie na wengine? Nini ubebe na nini uache? Na ni kweli kwamba anayehama halipi ushuru? Waliotangulia wamekujibu zaidi kuhusu bei. Bei hupanda na kushuka kila msimu, kwa hiyo hilo nawaachia wao. Mimi nilirudi mwaka 2022 baada ya miaka kumi na moja ya kazi ya hospitali Leicester, na vitu vyangu vilipita Dar kabla ya kupakiwa kwenye Fuso kwenda Tanga. Nitaanza na swali lako la tatu, maana ndilo lililonitoa machozi.

Ni kweli, msamaha upo. Umo katika Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, Jedwali la Tano, kwa hiyo hata ndugu zetu wa Kenya na Uganda wanatumia maneno hayohayo. Mtu anayehamisha makazi yake kuja kuishi ndani ya Jumuiya hatozwi ushuru wa forodha kwa nguo zake na vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia kule alikotoka. Neno la kushika hapo ni "alivyokuwa akivitumia". Sheria hiyohiyo inataja visivyoingia kwenye msamaha: pombe, manukato, tumbaku, vitambaa vya jora, bidhaa za biashara, na vitu vya kuuza au vya kuwapa watu wengine. Mzigo unatakiwa uingie ndani ya siku 90 tangu wewe ufike, na Kamishna wa Forodha anaweza kukuongezea muda, lakini usipite siku 360 tangu siku hiyo.

Sasa nikueleze boksi namba 17.

Unajua mtu akitangaza anarudi nyumbani inakuwaje. Simu haziishi. Huyu ana kamzigo kadogo ka mama yake, yule ana begi la viatu vya wadogo zake. Kukataa ni kazi, maana ndio hawahawa mliozikana na kuozeshana ughaibuni miaka yote. Shoga yangu mmoja alileta boksi limeshafungwa kwa seloteepu, akaniambia ni nguo za watoto wa dada yake. Sikulifungua. Nililibandika namba, na kwenye orodha yangu nikaandika "nguo zilizovaliwa".

Siku ya ukaguzi pale bandari kavu, ile yadi ya nje ya bandari ambako mizigo hushushwa na kukaguliwa, tulikuwa mimi, wakala wangu wa forodha, vijana wawili wa kubeba, na ofisa, binti mdogo aliyevaa glavu na kushika kisu cha kukatia maboksi. Alikuwa mpole. Alifungua boksi la 3, akakuta sufuria kama nilivyoandika. La 9, vitabu vya watoto, sawa. Akaashiria la 17. Juu kabisa palikuwa na majora matatu ya lesi, bado yako kwenye nailoni zake. Chini yake jozi za viatu vya kike, zote mpya, lebo za bei zinaning'inia.

"Mama, hapa umeandika nguo zilizovaliwa."

"Ni za rafiki yangu."

"Basi si zako."

Hakusema kwa ubaya, na alikuwa sahihi. Jora lilitajwa kwenye sheria, na vitu vya kuwapa wengine vimetajwa. Lakini tangu dakika ile orodha yangu ilikuwa imepoteza heshima. Kama namba 17 si kweli, nani atathibitisha namba 18? Maboksi na mapipa yote 46 yakafunguliwa, yakamwagwa chini moja moja, mpaka magodoro yakapigwapigwa. Ikaisha siku hiyo, ikaingia Jumamosi, ikaja Jumatatu. Kukadiria ushuru wa lile boksi peke yake kulichukua siku nne, na muda wote huo bandari kavu wanahesabu storeji, yaani ada ya kuhifadhi, ya mzigo mzima. Mwisho nilipojumlisha, storeji ilizidi ushuru wenyewe. Shoga yangu alinirudishia pesa ya ushuru. Ya storeji hatukuizungumza mpaka leo.

Kwa hiyo kaka, mzigo wa mtu usiingie kwenye mzigo wako. Waambie mapema, kabla hawajanunua, ili asione mtu umembagua. Mama yako mdogo akitaka kumpelekea bibi shuka, mchukulie bibi shuka kwenye begi lako la ndege. Kinachosafiri kwa pasipoti yako na kuombewa msamaha kwa jina lako kiwe kimeguswa na mkono wako.

Hilo linanileta kwenye orodha. Watu huiandika usiku wa mwisho, wamechoka, "boksi 1 mpaka 10, vitu vya jikoni". Usifanye hivyo. Andika wakati unafunga, boksi kwa boksi, daftari liko magotini: boksi 12, sufuria tano zilizotumika, sahani 18, kikaangio kimoja, blenda moja. Weka thamani ya ukweli ya kitu kilichotumika. Usiandike sifuri, na usiandike bei uliyonunulia dukani miaka sita iliyopita. Namba ya boksi iandike kwa maka peni pande zote nne na juu, maana litapangwa upande wowote na kijana wa ghalani hawezi kuligeuza kukutafutia namba. Kisha piga picha kila boksi kabla hujaliziba. Daftari langu la pili, lile nililoliandika baada ya ukaguzi huku nimekaa sakafuni Tanga, ndilo nililopaswa kuwa nalo Leicester.

Mbali na orodha niliombwa pasipoti yenye muhuri wa kuingia, kibali changu cha ukaazi wa Uingereza, barua ya mwajiri kuonyesha nimeacha kazi, na hati ya shehena, karatasi ya msafirishaji inayotaja mzigo na mwenye mzigo, ile ambayo pale bandarini kila mtu anaiita BL. Hiyo BL ndiyo inayojibu swali lako la kwanza.

Kuchangia kontena si kitu kibaya. Kontena la futi 20 lina nafasi kama mita za ujazo 33 ndani, na ukweli hulijazi yote, maana vitu havikai kama maji. La futi 40 ni kama mara mbili yake. Chukua futi ya kupimia, pima kila kitu urefu, upana na kimo, zidisha. Boksi kubwa la kuhamia ni kama sehemu moja ya kumi ya mita ya ujazo. Lile pipa la bluu la plastiki tunalolipenda sote linachukua kama sehemu tatu za kumi, kwa sababu ni la duara na pembeni yake hapakai kitu. Mimi nilipata mita 11, nikachangia. Ukipita 15 au 16, omba bei ya futi 20 nzima na ulinganishe, maana unaweza kukuta tofauti ni ndogo na unafunga mlango kwa kufuli lako mwenyewe.

Ila kabla hujakubali kuchangia uliza hivi: nitapewa BL yenye jina langu? Ziko kontena za kuchangia zinazosafiri zote kwa jina la mtu mmoja, yule aliyekusanya mizigo. Zikifika, forodha wanamwona yule mmoja tu. Wewe msamaha wako utauomba kwa karatasi ipi? Na mmoja wenu akiwa na kasoro kwenye vitu vyake, wote mnasubiri. Kama jibu ni la kuzungukazunguka, tafuta mwingine.

Uliza pia bei inaishia wapi. Mimi niliambiwa "mpaka Dar", nikasikia "mpaka mlangoni". Kumbe ilikuwa mpaka bandarini. Kushusha, kutenganisha mizigo, bandari kavu, wakala, lori, vyote vilikuwa juu yangu. Mwambie aandike kwenye karatasi nani analipa nini kuanzia meli inapotia nanga mpaka boksi linapoingia sebuleni kwako.

Mpangilio wa tarehe nao uangalie. Usitangulize mzigo ukafika wewe bado unamalizia mwezi wa mwisho kazini. Msamaha unamfuata mtu, na mtu akiwa hayupo mzigo unakaa unakula storeji. Wangu ulichukua wiki tisa kutoka mlangoni Leicester. Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi za kutoka Ulaya ziliacha Bahari ya Shamu na Suez kwa sababu ya mashambulizi, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na hilo huongeza kama wiki moja na nusu au mbili. Muulize wakala meli yako inapita wapi. Wewe ukiruka wiki mbili baada ya mzigo kuondoka utaupokea vizuri, na siku 90 zinakutosha.

Bima usiiache. Wengi husema "vitu vyenyewe vya zamani". Mwaka 2021, tarehe 23 Machi, meli ya Ever Given ilikwama Suez siku sita, kisha ikazuiliwa Misri na mizigo yake mpaka Julai. Bahari ina sheria ya kale: gharama ya kuokoa meli huchangiwa na wenye mizigo wote, hata ambaye boksi lake halikupata mkwaruzo, na mwenye meli ile alitangaza kuitumia. Aliyekuwa na bima, kampuni yake ilishughulika. Asiye nayo alitakiwa kuweka dhamana kutoka mfukoni mwake ndipo apewe vitu vyake. Mimi nilikata bima kwa sababu ya habari ile tu.

Swali la pili sasa, nini ubebe. Umeme wa Uingereza na wetu ni uleule, volti 230, na plagi ni ileile ya meno matatu bapa, kwa hiyo friji, pasi na blenda njoo navyo. (Aliye Marekani asome hapa kwa makini, kule ni volti 120, vitu vingi vya jikoni vitaungua.) Friji ioshe, ikaushe siku mbili mlango wazi, ndipo uifunge. Mashine ya kufulia ina boliti ndefu nyuma zinazoshika pipa lake lisichezecheze safarini. Fundi aliyekufungia alizitoa, na wengi tumezitupa. Zitafute au ununue nyingine za modeli hiyo. Yangu ilisafiri bila boliti, na siku ya kwanza kuiwasha Tanga ilitembea chumbani kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Kabati na vitanda vya chengachenga za mbao zilizogundishwa viache. Vikivuta unyevu wa pwani vinafura, na huku fundi atakuchongea mninga atakaourithi mtoto wako. Godoro zuri beba. Gari, sheria inaruhusu moja uliyoimiliki na kuitumia mwenyewe nje ya Jumuiya angalau miezi 12, lakini kaa kwanza na wakala akuhesabie tozo zote zisizo ushuru wa forodha, kwa maandishi, kabla hujalipeleka melini.

Usidanganyike na ndege kwa vitu vyepesi. Mzigo wa ndege hupimwa kwa ukubwa pia: boksi la sentimita 60 kila upande linahesabiwa kilo 36 hata likiwa na mablanketi matupu.

Na unyevu. Kontena linaondoka kwenye baridi linaingia kwenye joto, hewa ya ndani inatoa jasho kwenye bati la juu, inadondoka. Usifunge kitu chochote kibichi, hata taulo moja. Tia vile vifuko vya kukausha kwenye kila pipa, na nguo zifunge kwenye nailoni ngumu.

Mimi albamu ya marehemu baba niliiweka katikati ya mablanketi nikidhani ndiyo salama. Nilipoifungua Tanga kurasa zilikuwa zimeshikana, ukivuta moja inabaki sura ya mwingine. Mwanangu mkubwa alikaa nazo jioni nzima, anazilowanisha kwa maji ya vuguvugu anazibandua kwa kucha. Tukaokoa tatu. Moja ni ya baba amesimama Raskazone pale Tanga, suruali ameikunja mpaka magotini. Picha zako, vyeti vya shule na vya kuzaliwa, nyaraka za hospitali za mtoto, na dhahabu za mkeo, vyote hivyo begi la mkononi, juu ya kichwa chako ndani ya ndege.

Pima vitu vyako wikiendi hii, kaka, uweke vipimo hapa. Na kama kuna mtu ameshakuletea boksi lililofungwa, lifungue leo.