Moshi Ule Kwenye Picha ya M74

SWALI: Asalamu aleikum. Nimeitazama picha ya galaksi ya M74 iliyopigwa na darubini ya James Webb. Mikono yake imejaa nyuzi kama moshi, na ndani yake mna matundu ya duara. Husemwa moshi huo hung'azwa na nyota changa. Mbona basi matundu yenye nyota hizo ndiyo yenye giza?
Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Macho yako hayakukudanganya.

Pitisha kidole chini ya sufuria iliyopikiwa kwa kuni. Katika masizi yale mna molekuli za jamii ileile ya moshi wa M74: pete za kaboni zenye pembe sita, zimeshikana kama vyumba vya sega la nyuki, na haidrojeni pembeni. Kwa kifupi huitwa PAH. Fotoni (chembe ya mwanga) moja tu ya urujuanimno, mwanga mkali usioonekana, ikiigonga molekuli hiyo, joto lake hupanda ghafla hadi karibu kelvini 1,000, kisha hupoa kwa kutetemeka na kutoa infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho. Kaboni na haidrojeni zikitetemeka kwa kuvutana na kuachiana, hutoka mwanga wa urefu wa wimbi wa mikromita 3.3; kaboni kwa kaboni, 6.2 na 7.7; haidrojeni zikipepea juu na chini ya bapa la molekuli, 11.3. Webb ina vichujio vinavyopitisha mwanga wa 7.7 na 11.3 hasa.

Sasa matundu. Karibu na nyota kubwa changa, urujuanimno ni mkali kiasi kwamba PAH huvunjika, na upepo wa nyota pamoja na milipuko yake huisukuma gesi nje. Mng'ao hubaki ukingoni, ambako gesi ni baridi zaidi na miale imeshapungua makali. Kwa hiyo tazama ukingo.

Ukitaka kupima kiasi cha nyota zinazozaliwa, usijumlishe mwangaza wa PAH ukaridhika. Mwanga wa nyota kongwe uondoe kwanza: kwa picha za darubini ya Spitzer za mikromita 8, picha ya 3.6 huzidishwa kwa takriban 0.23, kisha hutolewa. Ukisahau hilo, kitovu cha galaksi, penye msongamano wa nyota kongwe, kitaonekana kama kiwanda cha nyota. Hata baada ya hapo, sehemu ya mng'ao uliotapakaa huwashwa na nyota za makamo. Galaksi ndogo zenye elementi nzito chache nazo huwa na PAH haba, basi ukitumia kipimo cha M74 utazipunja.

Na galaksi ikiwa mbali, mawimbi ya mwanga wake hurefuka njiani; kipimo cha kurefuka huko huitwa mhamo mwekundu. Kwa mhamo mwekundu wa 1, mng'ao wa mikromita 7.7 hutufikia ukiwa 15.4. Kichujio cha 7.7 hapo hakitaupata mng'ao huo.

Tafuta picha ya M74 ya mwanga mwekundu wa haidrojeni, mikromita 0.656, unaong'aa penye nyota kubwa changa, uilaze juu ya hiyo uliyo nayo. Madoa mengi mekundu utayakuta ndani ya matundu, yamezungukwa na ule moshi.