Barua kwa mwanangu: hiyo Peugeot ya Kitale

Mwanangu Ochi,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara mbili, mama yako naye akaisoma akacheka akasema hii ni damu. Unasema umeona Peugeot 504 saluni, ile ya milango minne, ya 1981 huko Kitale, mama mmoja mjane anaiuza laki tatu na nusu, wewe unataka kumwambia laki mbili na nusu, na unaniuliza kama hiyo ni bei ya haki ama utakuwa umeumia. Sawa, nitakujibu. Lakini vumilia mzee kidogo.

Nimekwambia tangu ukiwa unavaa kaptura na nitarudia: bei ya gari kuukuu haiko kwa gari, iko kwa shida ya anayeuza. Angalia tu hesabu yenyewe. Serikali hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8, kwa hivyo hizi za kitambo haziongezeki, ni zile zile zilizobaki nyuma ya nyumba za watu na kuku wanatagia ndani. Ufaransa waliacha kutengeneza saluni 1983, huku kwetu zikaendelea kuunganishwa Mombasa, halafu basi. Kitu kikiwa adimu hivyo si bei ingekuwa inapanda kila mwaka? Lakini wapi. Moja inaenda laki sita, dada yake anauzwa skrepa kwa kilo, na ukiuliza ni kwa nini utaambiwa huyu alikuwa na haraka, yule hakuwa nayo.

Unakumbuka yetu, ile ya rangi ya chai ya maziwa, namba zake zile za zamani zisizo na herufi ya mwisho. Niliinunua 1989. Nilikuwa na miaka 17 wakati Andersson, yule dereva Mswidi, alishinda mbio za magari za Safari Rally na 504 mwaka 1975, tumekusanyika kwa redio moja boma zima, halafu 1978 Nicolas, Mfaransa, akaja akashinda tena na ile kupe ya milango miwili yenye injini ya V6, sasa niambie kijana kama mimi angetamani gari gani ingine. Na usisahau kazi tuliyofanya pale chini ya mparachichi. Injini ya 504 laini zake, yaani zile bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, hazijashikana na bloku, unazichomoa zote nne na pistoni zake unaweka zingine bila kupeleka kwa mashine kuchongwa, ndio maana mimi na fundi tulimaliza kwa siku mbili na wewe ulikuwa umechuchumaa unaosha boliti na mafuta ya taa mpaka mama yako akakufukuza ukaoge.

Sasa Januari 1999 dadako Akinyi akaitwa fomu wani. Si lazima nikukumbushe hali ilikuwaje nyumbani, mshahara ulikuwa unaisha kabla haujafika. Nikasema gari iende. Nikaambia watu elfu mia na ishirini, na hiyo haikuwa bei ya kutisha, laini mpya, tairi mbili mpya. Akaja jamaa mmoja Jumamosi, kofia ya ngozi, hana haraka kabisa. Akaizunguka, akagonga milango na vidole, akafungua boneti akafunga, akaomba akae kwa usukani. Nikamwachia. Nikaenda kumletea chai, hebu fikiria, chai!

Nikirudi nikamkuta amekaa kimya anaangalia dashibodi. Ile karatasi ya karo ya Akinyi niliiacha hapo juu, imefunguka, na zile tiki zangu za kalamu nyekundu: sanduku la bati, godoro, sweta mbili, karo ya muhula wa kwanza, na siku ya kuripoti, Jumatatu. Akashuka akakunywa chai yote. Halafu akasema, "Mwalimu, mimi niko na sabini." Hakuongeza hata shilingi. Nilishuka elfu mia, tisini, themanini na tano, yeye anaangalia saa tu. Akaondoka na gari yangu kwa elfu sabini na kikombe akanirudishia kikiwa kisafi.

Hiyo bado inaniuma, na inaniuma kwa sababu hakudanganya. Hakuniambia gari ni mbovu. Alisoma tu.

Na kuna nyingine sijawahi kuwaambia. Agosti ile nilienda mazishi nyumbani, nikapanda zile Peugeot za abiria za kwenda Kisumu hapa steji ya Nakuru, saluni nyeupe, watu tumebanwa nyuma wanne. Tukifika Salgaa nikashika kishikio cha dirisha nikasikia waya. Waya mwekundu wa stima. Mimi ndiye nilifunga huo waya! Nikaingiza vidole kwa mwanya wa kiti, nikatoa bano yako ya bluu, ile gololi ya kuchezea. Mpaka Ahero sikuongea na mtu. Nimelipa nauli kukaa kwa gari yangu mwenyewe, na injini ilikuwa inavuta Mau Summit bila kukohoa, zile laini zetu. Nilifurahi kidogo, sitakuficha. Nilifurahi na nikataka kulia.

Haya, turudi kwako. Injini usiogope, pikapu za 504 zilijaa nchi hii kwa hivyo spea za injini bado utazipata Grogan kule Nairobi na jua kali hata Kibuye, Kisumu. Ogopa bodi. Taa, bampa za kung'aa, raba za vioo, vishikio vya milango vya saluni, hivyo ndivyo vitakula pesa na utavitafuta mwaka mzima. Ogopa kutu chini ya milango na chini ya kapeti pale miguu inakaa. Ukitoka na sumaku na ikatae kushika mahali, ujue hapo ni fila, ile lipu ya kuziba mashimo, na rangi, hakuna bati. Na pesa utakayoweka kwa hobi hairudi, usijidanganye eti utauza urudishe, mimi laini zangu zilirudishiwa na nani? Bima pia, gari ya umri huo wengi hawataki kuipa komprehensivu, ile inayolipia hata gari yako, utabaki na thadi pati inayolipia wengine tu, ikigongwa ni yako.

La maana kuliko yote ni logibuku, karatasi ya umiliki. Umesema mzee aliyekufa ndiye mwenye gari. Kama bado iko kwa jina lake, huyo mama hawezi kukuhamishia hivi hivi, lazima familia ipitie kotini wapate barua ya usimamizi wa mali kwanza. Usitoe hata senti kumi kabla ya hiyo.

Na sasa bei. Kweli bei iko kwa shida ya anayeuza, na mjane mwenye kesi ya urithi shida anayo, kwa hivyo laki mbili na nusu atachukua. Hata mbili atachukua, nakwambia. Kwa hiyo kanuni yangu utakuwa umenunua vizuri sana na mimi baba yako nitakuwa na haki ya kufurahi. Sasa mbona sifurahi? Labda kanuni ni ya yule jamaa wa kofia, mimi niliiokota tu. Lakini pia wewe si tajiri, una watoto, na gari haijatembea tangu lini hatujui, laki tatu na nusu inaweza kuwa ni wazimu. Mimi sitasema umpe ngapi, wewe ni mtu mzima. Tatu. Sijasema. Lakini kama haina kutu, tatu, na karatasi za kotini msaidiane kulipa. Na ukimkuta ameacha karatasi yoyote mezani, kunywa chai yako uangalie dirishani.

Jumamosi ukipita kwenda Kitale nipigie ukifika Gilgil nitoke barabarani, usiingie mjini kuna jam. Sumaku ya friji nishaiweka kwa mfuko wa koti, mama yako bado hajagundua.

Baba yako.