Kusoma maandishi ya waliopigana: ushauri kwa mtafiti anayeanza

Ukianza kutafiti Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kuanzia 1861 hadi 1865 kati ya Kaskazini, upande wa serikali ya Muungano, na Kusini, majimbo yaliyojitenga, utakuta maandishi ya washiriki ni mengi mno: barua, shajara, taarifa za makamanda, na vitabu vya kumbukumbu vilivyoandikwa uzeeni. Ni rahisi kumwamini anayeandika vizuri. Nakusihi, kabla ya kuuliza kama anasema kweli, uliza aliandika lini, alimwandikia nani, na siku ya tukio alikuwa amesimama wapi.

Tazama shutuma zilizomwandama Jenerali James Longstreet wa jeshi la Kusini. Katika miaka ya 1872 na 1873, Jubal Early na William Pendleton, waliopigana pamoja naye, walimtupia hadharani lawama ya Kusini kushindwa katika mapigano ya Gettysburg, Pennsylvania. Pendleton alidai kwamba Robert E. Lee, kamanda wao, aliamuru shambulio lianze alfajiri ya Julai 2, 1863, naye Longstreet akachelewa. Ukirudi kwenye taarifa ya Lee mwenyewe, amri hiyo haimo, na maofisa wa makao yake, walipoulizwa na Longstreet kwa barua, walijibu kwamba hawakuifahamu. Sasa angalia tarehe. Lee alikuwa amefariki mwaka 1870, hivyo hakuweza kukanusha wala kuthibitisha, na Longstreet alikuwa amejiunga na Republican, chama kilichoongoza Kaskazini wakati wa vita, jambo ambalo wengi wa Kusini waliliona kuwa usaliti. Hata hivyo, kumbukumbu alizochapisha Longstreet mwaka 1896 ni za mtu anayejitetea, nazo zinastahili kupimwa kwa ukali uleule.

Mfano wa barua za Jenerali George Pickett wa Kusini kwa mkewe, zilizochapishwa mwaka 1913 wakati Pickett alishafariki tangu 1875, unanigusa zaidi, kwa sababu ni barua zinazovutia sana. Wanahistoria walipoziweka kando ya kitabu cha Walter Harrison, ofisa wa Pickett, kilichotoka mwaka 1870, walikuta habari zilizonakiliwa humo, wakahitimisha kwamba sehemu kubwa ya barua hizo ilitungwa na mjane wake, LaSalle. Kwa hiyo usizitumie kueleza vita. Zitumie kueleza jinsi mashujaa wa Kusini walivyotakiwa wakumbukwe mwanzoni mwa karne ya 20, maana kwa swali hilo ni ushahidi mzuri kabisa.

Taarifa mbili zikipishana kuhusu saa ya shambulio, usimwite yeyote mwongo. Kila mji ulifuata saa yake, na moshi wa baruti ulimzuia askari kuona mbali. Mimi huwa na shaka zaidi pale wazee wa vita wanapokubaliana neno kwa neno, kwani mara nyingi walikuwa wamesomana.

Kuna pia wasioandika. Takriban Waafrika-Wamarekani 180,000 walipigana katika jeshi la Kaskazini, wengi wao wakitoka utumwani, ambako majimbo kadhaa yalipiga marufuku kuwafundisha kusoma. Sauti zao nyingi zimo katika majalada ya maombi ya pensheni, zikiwa zimeandikwa kwa mkono wa karani. Hapo chunguza kwanza ni jambo gani mwombaji alitakiwa kulithibitisha, kwa sababu ndilo lililoamua nini kiandikwe na nini kiachwe.