Kwa aliyeuliza kuhusu korongo la Hell's Gate

Dada, umeuliza mafuriko yatatoka wapi ilhali korongo la Ol Njorowa, lililo ndani ya Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya, ni kavu na jua linawaka. Yanatoka juu. Mvua ikinyesha milimani, wewe huku chini hupati hata tone, lakini maji yote hukusanyika na kuingia kwenye ule mwanya kwa kishindo. Watu wamekufa humo, 2012 na tena 2019.

Korongo lenyewe limechongwa na maji. Zamani ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko hili tunaloliona, likajaa na kufurika kuelekea kusini. Pita humo ushike ukuta: mwamba ni laini, umelainishwa kama mtungi, na kuna mahali panatosha mtu mmoja tu kwa upana. Chemchemi za moto zinachuruzika ubavuni, usiguse ovyo.

Hell's Gate ni hifadhi ya taifa tangu 1984, na baiskeli zinaruhusiwa (raha yake kupita kando ya punda milia!). Nenda asubuhi, chukua kiongozi wa pale. Akisema leo hatushuki, usibishane naye.